Siku 95 katika daftari la tawi

Haya ni maneno niliyoyasema, nikiwa mweka hazina, kwenye mkutano mkuu wa tawi letu la Simba, huku Temeke, kuhusu siku ambazo ligi ilisimama kwa korona mwaka 2020. Wanachama waliokuwa safarini waliomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, wanachama wenzangu, na ninyi majirani zetu wa tawi la Yanga mlioitikia mwaliko: asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Simba!

Ukumbi ukaitikia: "Nguvu moja." Asanteni.

Taarifa ya mapato na matumizi nimeshaisoma na mmeipitisha, nashukuru. Sasa naomba mnisikilize kwa jambo ambalo halimo kwenye taarifa. Nimekuja na daftari hili. Ni kauntabuku ya zamani, jalada nimelishona kwa uzi wa cherehani maana lilikuwa limeanza kuachia. Humu mna kila shilingi ya tawi tangu mliponikabidhi kazi hii mwaka 2018. Naufungua ukurasa mmoja tu, nawasomea.

"Jumatano, Machi 11, 2020. Simba na Singida United. Maji katoni tatu. Kukodi ngoma. Bendera mpya kumi na mbili, fundi amelipwa nusu."

Fundi ni mimi. Mstari unaofuata unasema: "Jumapili, Juni 14, 2020. Simba na Ruvu Shooting." Katikati hapo hamna kitu. Hesabuni wenyewe kutoka tarehe ile mpaka hii, mtapata siku 95. Kwenye daftari ni nafasi ya kidole kimoja. Hoja yangu ya leo yote imo ndani ya nafasi hiyo.

Vijana waliojiunga na tawi juzi juzi huenda hawakumbuki tulikuwa wapi wakati ule. Tulikuwa tumecheza mechi 28, tuna pointi 71. Azam, waliokuwa wanatufuata, walikuwa na 54. Ubingwa wa tatu mfululizo ulikuwa unanukia. Tulikuwa na kidonda kimoja tu, cha Machi 8, pale Bernard Morrison alipopiga ile faulo na Yanga wakatufunga 1-0 mbele ya Rais Magufuli. Majirani zetu, makofi yenu nimeyasikia, ni haki yenu. Siku tatu baadaye Singida United wakaja, tukawafunga 8-0. Niliondoka uwanjani siku ile sauti imekauka, nikijua kabisa kwamba mwezi wa tano nitakuwa nashona bendera usiku na mchana.

Kwa hiyo nikafanya alichofanya kila mtu anayeishi kwa mpira. Nilikwenda Kariakoo kwa mfanyabiashara ninayemwamini, nikachukua majora matatu ya kitambaa chekundu na moja la cheupe. Nililipa kidogo, yaliyobaki nikaahidi kumaliza ligi ikiisha. Na ule mtaji kidogo nao niliukopa kwenye kikoba.

Machi 16 ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Arusha. Machi 17 Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza shule kufungwa na michezo yote kusimama kwa siku 30. Nilikuwa kwenye cherehani, redio iko dirishani. Nakumbuka niliinua mguu kwenye pedali. Nikajiambia siku 30 si nyingi, kitambaa hakiozi.

Siku 30 zikapita. Zikaongezeka nyingine.

Wachezaji walirudishwa majumbani, wakapewa mazoezi ya kufanya peke yao. Klabu yetu wakati ule ilikuwa na mwekezaji, na mchezaji wa Simba alikuwa na mkataba mkononi, wenye tarehe na sahihi. Silisemi hilo kwa kijicho. Mchezaji anaishi na mguu wake, na mguu hauna dhamana. Mkataba ni haki yake. Ninachosema ni kwamba pale uwanjani, siku ya mechi, watu waliokuja kufanya kazi ni wengi, na wenye mkataba ni wale walioingia na basi tu.

Tembeeni nami kidogo kuanzia barabarani mpaka getini. Kuna kijana anayelinda pikipiki, anakupa kipande cha boksi chenye namba. Kuna wauza jezi, mavuvuzela na skafu. Kuna anayekuchora uso rangi. Kuna wa karanga, wa maji baridi, wa kahawa na kashata kwa ajili ya wazee wanaofika saa saba kwa mechi ya saa kumi. Kuna bodaboda ambao mechi ikiisha wanapata kwa saa moja hela ya siku mbili. Na kuna mama mmoja wa mihogo ya kukaanga, pale kwenye mwembe, ambaye nusu ya tawi hili imeshakula kwake kwa mkopo. Jina lake silitaji, ila nyote mmeshamjua.

Mama huyu hapiki kila siku. Siku za kawaida anauza genge dogo mtaani kwake, nyanya na vitunguu, fungu moja moja. Mpira ndio unaomlipia kodi ya nyumba. Aliniambia hesabu yake: mechi moja kubwa ni kodi ya miezi miwili, mechi ndogo mbili ni ada na madaftari. Mechi ziliposimama hakupoteza faida tu. Alikuwa ameshanunua gunia mbili za mkaa na ndoo ya mafuta kwa ajili ya mechi zilizokuwa zinakuja. Mafuta akayauza kwa kupima, kikombe kimoja kimoja, kwa bei ya hasara. Mkaa akapikia nyumbani. Mwezi wa tano mwenye nyumba akamwambia ahamie chumba cha uani.

Nilikwenda kumsaidia kuhamisha vyombo. Ile karai yake kubwa, mnaijua, haikupita mlangoni kwenye chumba kipya. Tuliiacha nje, tukaifunika kwa gunia. Ilikaa pale mpaka ikashika kutu ukingoni. Karai ya mtu anayekaanga kila wiki haishiki kutu, mafuta hayaipi nafasi. Nilipoiona ile kutu ndipo nilipoelewa siku 95 ni kitu gani.

Mimi nilipata upenyo. Mwezi wa nne watu wakaanza kutafuta barakoa za kitambaa, za dukani zilikuwa zimepanda bei. Nikakata jora jekundu, nikashona barakoa za tabaka mbili zenye kamba za lastiki. Mtaa wetu wote ukavaa nyekundu, hadi wana Yanga, maana sikuwa na rangi nyingine. Ndivyo nilivyorejesha hela ya kikoba. Bendera za ubingwa ziliishia kwenye pua na midomo ya watu. Nikiziona picha za wakati ule kwenye simu huwa moyo unanijaa, sijui niuite uchungu au shukrani.

Siwezi kupita hapa bila kumtaja mzee wetu, aliyekuwa anakaa kiti kile cha mwisho karibu na mlango, aliyekuwa na kadi ya uanachama tangu ujana wake. Alitutoka mwezi wa tano mwaka ule. Mnakumbuka zile wiki. Kila nyumba ilikuwa na sufuria ya majani, watu wanajifunika mablanketi wanapiga nyungu. Tangazo la mwisho la hesabu ya wagonjwa, mwanzoni mwa Mei, lilikuwa 509 na vifo 21, baada ya hapo hesabu hazikutolewa tena. Mzee alizikwa siku ile ile, tukiwa watu wachache makaburini, tumesimama mbalimbali. Tawi hili, ambalo lingejaza mabasi mawili kwenda kumzika, lilipeleka watu wanne. Ngoma haikupigwa. Ligi iliporudi tuliingia kwenye shangwe moja kwa moja, na mpaka leo hatujamfanyia hata dua ya pamoja kama tawi. Mwenyekiti, naomba hilo nalo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Sasa niseme la mpira wenyewe, maana msimu ule uliishia tofauti kabisa kwetu na kwa nchi jirani. Kenya, shirikisho lao lilifunga ligi mwisho wa Aprili, Gor Mahia wakatangazwa mabingwa mezani. Uganda wakapewa Vipers. Rwanda wakapewa APR. Sisi na ndugu zetu wa Burundi tulimaliza kwa kucheza. Mei 21 Rais alitangaza kwamba kuanzia Juni 1 michezo inarudi, na Juni 13 ligi ikaanza tena.

Nilikuwa Uwanja wa Taifa Juni 14. Ndoo za maji zenye koki zimepangwa getini, sabuni ya maji kwenye chupa za soda, wahudumu wanatupima joto kwenye paji la uso. Jukwaa lilikuwa na mapengo. Wengine waliogopa, na sikuwalaumu. Wengine hawakuwa na kiingilio. Tulitoka sare ya 1-1 na Ruvu Shooting. Wachezaji walionekana wazito, kama watu walioamshwa usingizini. Lakini filimbi ilipopulizwa, jamani, mtu mzima pembeni yangu alilia. Sitasahau.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwadui tukawafunga. Tukapanda Mbeya, tukawafunga Mbeya City, na Juni 28 pale Sokoine sare ya 0-0 na Prisons ikatupa pointi 79 ambazo hakuna aliyeweza kuzifikia. Ubingwa wa tatu mfululizo, na mechi sita mkononi. Kombe tukakabidhiwa Ruangwa. Julai 12, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, Yanga 1, Simba 4. Leo nalitaja taratibu kwa sababu tuna wageni. Agosti 2 Sumbawanga, Namungo tukawafunga 2-1, kombe jingine likaja. Meddie Kagere akamaliza ligi na mabao 22. Katikati ya hayo yote, Julai 24, tukampoteza Mzee Mkapa, na uwanja wetu ukabeba jina lake. Nilikuwa na skafu mia moja zimeandikwa "Taifa". Nimebaki nazo kumi, siziuzi.

Hesabuni tena: kutoka Juni 14 mpaka Agosti 2, ligi mechi 10 na kombe mechi 3. Mechi 13 ndani ya siku 50. Ligi ililipa deni lake lote. Hakuna mechi hata moja iliyopotea.

Hapo ndipo watu wengi wanaponiambia, "Basi mweka hazina, si mama wa mihogo naye alizipata mechi zake zote?" Nami nilidhani hivyo mwanzoni. Nikafungua daftari hili, nikaona sivyo. Mechi zikibanwa, mfuko wa shabiki haupanuki. Mtu anayekuja mara mbili kwa mwezi na kila akija ananunua mihogo ya elfu moja na skafu, ukimletea mechi nne kwa mwezi atakuja zile mbili tu, au atakuja nne na maji yake kutoka nyumbani. Michango ya tawi yenyewe inaonyesha. Mwezi wa pili mwaka ule, kabla ya korona, michango ilikuwa mingi. Mwezi wa saba tulikuwa na mechi nyingi na michango haikufika nusu ya ile. Wachezaji walilipwa mechi zao zote. Mchuuzi alilipwa zile ambazo mfuko wa shabiki uliweza, na madeni ya siku 95 yalikuwa yanamsubiri nyumbani.

Timu ndogo nazo zilikuwa wachuuzi kwa namna yake. Timu ya mkoani inasubiri mwaka mzima siku ambayo Simba au Yanga itatia mguu kwenye uwanja wake, maana ile siku moja mlangoni inazidi siku nyingine kumi zikiunganishwa. Msimu ule ligi ilikuwa inapunguzwa kutoka timu 20 kwenda 18, kwa hiyo kisu kilikuwa kikali. Walishuka Singida United, Lipuli ya Iringa, Ndanda ya Mtwara, Alliance, na kwenye mchujo Mbao nao wakaondoka, hawa wawili wa mwisho wote ni wa jiji la Mwanza. Sisemi korona ndiyo iliyowashusha, wengine walikuwa wanazama tangu mapema. Nasema tu kwamba mtu anayezama ukimwongezea miezi mitatu bila kiingilio, unajua mwenyewe. Wale Singida United tuliowafunga 8-0, miaka miwili kabla walikuwa wamecheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Mtibwa, wakafungwa 3-2 tu. Nami nilishangilia bao la nane kuliko la kwanza. Sasa nikiukumbuka ule mchezo huwa nawaza mama wa mihogo wa Singida.

Ndugu zangu, nakuja kwenye hoja.

Tawi hili lina mfuko wa misiba. Lina mfuko wa safari. Tukienda Mwanza tunachangishana, tukifiwa tunachangishana, na tunafanya vizuri. Hatuna mfuko wa siku ambayo mpira unasimama. Naomba tuuanzishe. Shilingi 500 kwa kila mwanachama kila mwezi, itolewe kwenye ada ile ile ya elfu mbili tunayolipa sasa, asitozwe mtu zaidi. Tuna wanachama 140 walio hai kwenye daftari. Hiyo ni shilingi 70,000 kwa mwezi, 840,000 kwa mwaka. Isiguswe kwa nauli, isiguswe kwa ngoma, isiguswe hata tukiingia fainali ya Afrika. Iguswe siku ligi inaposimama zaidi ya wiki nne kwa sababu isiyo ya ratiba, na itolewe kwa watu wanaofanya kazi kuzunguka uwanja huu wanaofahamika na tawi, iwe mkopo usio na riba, marejesho yaanze mwezi mmoja baada ya mechi kurudi.

Najua pingamizi zilizopo, maana nimezisikia kwenye foleni ya chai. La kwanza: hiyo ni kazi ya klabu, au ya serikali. Klabu ikitaka kufanya, nitakuwa wa kwanza kuandika barua ya shukrani. Lakini klabu haimjui mama huyu. Haina jina lake popote. Sisi tunalo, liko kwenye daftari hili kwenye ukurasa wa madeni, kila mmoja wetu na mihogo yake aliyokula akasema ntalipa kesho. Tunamjua kwa sababu ametukopesha. Itakuwaje tushindwe kumjua siku anayohitaji kukopa yeye?

La pili: wengine kati ya wale wachuuzi ni Yanga. Ni kweli. Yule kijana wa pikipiki ni Yanga wa kutupwa. Ndiyo maana nikamwomba Mwenyekiti awaalike majirani zetu leo, na kabla ya kikao nimezungumza na katibu wao, mama anayeheshimika, akaniambia wao wako tayari kuweka kiasi kile kile. Mchuuzi anauza nyekundu siku yetu na kijani siku yao, kwa meza ile ile. Kama mfuko utakuwa wa matawi mawili, orodha iwe moja na mweka hazina asiwe mimi peke yangu. Naomba wawe wawili, mmoja wetu na mmoja wao, na hela isitoke bila sahihi zote mbili.

La tatu nililisikia kwa mzee wangu hapa mbele, na nimelichukua kwa uzito: je, korona ilikuja mara moja, itarudi lini tena? Mzee wangu, shikamoo. Korona hiyo hiyo haikuondoka, msimu uliofuata bado tulikuwa tunapimwa getini na timu zilikuwa zinapimwa kabla ya kila mechi ya Afrika. Na uwanja unaweza kufungwa kwa ukarabati, umeshafungwa. Ligi inaweza kusimama kwa sababu ambayo hakuna hata mmoja humu anayeifikiria sasa, kama ambavyo Machi 11, 2020 tulitoka uwanjani tunaimba.

Mwenyekiti, naomba hoja ipigiwe kura kabla hatujaenda kula. Ikipita, makusanyo yaanze tarehe 1 ya mwezi ujao. Daftari jipya nimeshalinunua, hili hapa, halijaandikwa kitu. Wanaolinda pikipiki, wa skafu, wa karanga, wa kahawa na mama wa mihogo waandikwe wiki hii kwa majina na namba za simu, nimewaomba vijana wawili wazunguke nao siku ya mechi ya Jumamosi. Karai yake aliisugua kutu, anaitumia mpaka leo. Jumamosi atakuwepo pale mwembeni kuanzia saa saba.

Asanteni kwa kunisikiliza.